Kurasa za Kushoto Tu

Jumatatu, 3 Juni

Nimeanza masomo! Miaka arobaini na miwili, fundi cherehani, mshonaji wa sare za shule, na sasa mwanafunzi wa Cheti Kifupi cha Biblia na Theolojia. Wiki mbili, Jumatatu hadi Ijumaa, saa kumi alasiri hadi saa kumi na mbili, chumba cha nyuma ya kanisa. Mke wangu aliniuliza kama nimeanza kumpenda Mungu kuliko zamani. Nikamwambia ndiyo. Wewe shajara nitakwambia kweli. Nakitaka kiti.

Kiti chenyewe ni cha baba mkwe. Miaka ishirini na mitatu ameongoza kikundi cha Biblia cha Jumatano, sebuleni kwake, akiwa kwenye kiti chake chenye mikono ya mbao. Sasa macho yamemchoka. Anasoma kwa lenzi, neno moja moja. Kusoma bado anaweza, ila kuufikia ukurasa ndiko kunakomshinda. Anapekua na kupekua mpaka watu wanasinzia. Mwezi uliopita akatangaza kwamba kiti atamwachia mkwe wake mmoja kati ya wawili, yule atakayefanya vizuri zaidi kwenye mafunzo haya. Kikundi kimepumzika wiki hizi mbili ili tusome.

Wakwe wawili ni mimi na Mwanyumba. Namwita hivyo kwa sababu ndivyo alivyo: kamwoa dada mkubwa wa mke wangu. Anafundisha udereva. Mtu wa taratibu mno. Hata kuingia mlangoni anatazama kulia, kushoto, kulia tena. Baba mkwe humwita "mwanangu". Mimi, miaka kumi na mmoja, ananiita "fundi".

Sababu naijua. Siku ya harusi yangu alivaa suti niliyomshonea kwa mikono yangu, na suruali ikapasuka alipopiga magoti kutuombea. Ilipasuka yote. Na maombi yalikuwa marefu.

Nataka aniite mwanangu. Nimeandika. Basi.

Darasa letu asubuhi ni la chekechea. Tumekalia viti vya watoto, magoti yako usawa wa masikio. Tuko tisa. Mwalimu ni mchungaji mstaafu, anaweka chaki kwenye kasha la miwani na miwani kwenye mfuko wa shati. Mbele yangu kuna Bibi Nesi, muuguzi mstaafu, miaka arobaini wodini. Ana daftari nene la jalada gumu na anaandika kila neno. Alianza kunieleza jinsi anavyopanga daftari lake, kwamba wodini walizoea kuandika ugonjwa kushoto na dawa kulia, sijui nini na nini. Sikufuatilia habari za wodi, mimi siumwi. Nilikuwa natazama mwandiko. Umenyooka kama umepigwa pasi!

Jumanne, 4 Juni

Aibu ya kwanza. Mwalimu ana mchezo anauita mbio za vifungu. Anataja kitabu, wa kwanza kukifungua anasimama. Unaongezewa alama. Akasema Obadia. Nikaenda kwenye orodha ya vitabu. Nikamkuta Obadia. Nikasoma namba ya ukurasa. Nilipoinua macho Mwanyumba alikuwa ameshasimama, amesoma, ameketi, na Mwalimu amehamia kitabu kingine. Mara sita Mwanyumba kasimama. Mara sita! Na kila mara kabla ya kusimama anainua mkono wa kulia kidogo, kana kwamba anaonyesha anakokata kona.

Mimi sikusimama hata mara moja. Nilipojaribu, kiti kilinyanyuka nami.

Lakini akili ni nywele. Nina mpango. Nimefika nyumbani nikicheka peke yangu, mke wangu akaniangalia kama mtu mwenye homa.

Jumatano, 5 Juni

Riboni! Kila kitabu cha Biblia na riboni yake, zimeshonwa kwenye uti wa kitabu, zinaning'inia chini. Unataka Zaburi, unashika riboni ya Zaburi, unavuta, umefika. Vitabu sitini na sita, riboni sitini na sita. Mwanyumba atafute huku mimi nimeshasoma mpaka amina.

Nimeshona tangu asubuhi mpaka saa tisa. Sketi za shule zimelala mezani. Mwalimu mkuu mwenye sketi zake alipita kuuliza, nikamwambia niko kwenye kazi ya Bwana. Akasema sketi themanini ni kazi yake yeye na anazitaka Jumatano ijayo.

Nimetumia vipande vya kila aina. Mwanzo ni kitani cheupe. Zaburi ni mahameli. Injili nne ni satini. Mithali ni jinzi, haichakai. Manabii wadogo kumi na wawili nimewavalisha kaki, wote sare moja, wakapendeza kweli. Nilipofika kwa Ayubu vipande vikawa vimekwisha, nikakata kona ya gunia la kubebea vifungo. Sidhani atalalamika, alivumilia makubwa kuliko hayo.

Alhamisi, 6 Juni

Siandiki kwa furaha.

Mwalimu alisema Nahumu. Nikashuka na mkono, nikashika kaki. Nikavuta. Mika. Nikavuta nyingine. Malaki. Kaki kumi na mbili, shajara! Nani alinituma kuwavalisha sare manabii? Nikaamua kuzivuta zote kwa pamoja, kwamba Nahumu hatakosekana. Hakukosekana. Ila nusu ya riboni nyingine zilikuwa zimejisokota kwenye mguu wa kile kiti cha mtoto, na niliposimama Biblia ilibaki chini na kiti kikaja juu. Kikampiga Mwalimu kwenye kikombe cha maji. Maji yakamwagikia ubao, chaki, na Bibi Nesi kiatu kimoja.

Mwanyumba akaonyesha ishara ya mkono wa kulia, akasimama, akasoma Nahumu.

Baadaye alinifuata nje na kunisaidia kufungua mafundo. Alisema wazo lilikuwa zuri, ila nilikwenda kasi kwenye kona. Nilimshukuru kwa ukali.

Jumatatu, 10 Juni

Sikwenda darasani. Sketi. Mwalimu mkuu alikuja na mwenyekiti wa kamati ya wazazi, wakasimama mlangoni kama polisi. Wamesema Jumatano jioni au wanahamia kwa fundi wa ng'ambo ya barabara. Yule fundi alikuwa amesimama mlangoni kwake akitabasamu.

Ndiyo malipo ya riboni. Siku nzima nilishona riboni, sasa siku tatu nashona sketi. Na ni siku tatu ambazo sikutakiwa kuzikosa! Wiki hii ni mafundisho ya imani, moyo wa masomo yote. Mwanyumba alipita kunijulisha, kwa upole wake unaoudhi. Kasema Mwalimu anafundisha kwa namna ya ajabu, na Ijumaa kila mmoja atahubiri dakika kumi juu ya swali moja: Yesu Kristo ni nani. Baba mkwe atakuja kusikiliza. Hiyo ndiyo itakayoamua.

Nilitaka kuuliza hiyo namna ya ajabu ni namna gani. Nikaona nitajishusha.

Jumatano, 12 Juni

Sketi themanini zimekwisha! Vidole vimekwisha pia.

Nimekosa masomo matatu, ila sijakosa akili. Bibi Nesi hupita hapa dukani akitoka darasani. Leo nilimsubiri mlangoni na kiti, na chai, na tabasamu. Nikamwomba daftari mpaka kesho mchana. Akanitazama kama anavyotazama mtu anayesema haumwi. Akanipa. Akaanza tena habari zake za kushoto na kulia, nikamwambia naelewa, naelewa, Bibi, usijisumbue. Akasema mgonjwa anayeelewa kabla ya kuelezwa ndiye aliyekuwa anamtia wasiwasi kuliko wote.

Bibi anapenda kuongea, acha aongee. Daftari ninalo!

Alhamisi, 13 Juni

Saa mbili asubuhi nilikuwa duka la fotokopi. Mwenye duka akaniuliza nataka pande zote mbili au upande mmoja. Swali la maana. Nikafunua.

Upande wa kushoto: sentensi ndefu, zimenyooka, zinasomeka kama barua ya mpenzi. Hoja moja moja, tano kwa jumla, zina namba. Upande wa kulia: vifungu vya Biblia, mishale, mistari myekundu, "taz. hapa", "linganisha na pale". Marejeo! Marejeo ni ya watu wenye muda. Nikamwambia kushoto tu. Nusu ya kukariri na maarifa yote. Daftari lilikuwa mikononi mwa Bibi Nesi kabla ya saa sita, akashangaa nilivyomaliza mapema.

Shajara, watu wanatutisha bure na theolojia. Ni rahisi! Inaingia kichwani bila hodi. Nimesimama mbele ya ile sanamu ya kupimia nguo, isiyo na kichwa, nikaihubiria mara saba. Kila hoja nimeitafutia mfano wa ushonaji ili mtu wa kawaida aelewe. Mara ya saba nilijiliza mwenyewe.

Mke wangu alileta chai, akasikiliza kidogo mlangoni. Akasema hajui sana mambo haya, lakini mbona hayafanani na aliyofundishwa utotoni. Nikamwambia utotoni mtu hupewa maziwa, sasa ni wakati wa chakula kigumu. Akaniuliza kama nimesoma kurasa zote. Nikamwambia nimesoma kurasa zinazostahili.

Jioni darasani tulipiga kura ya kupanga wahubiri tu. Mwanyumba wa kwanza. Mimi wa mwisho. Wa mwisho ndiye anayekumbukwa!

Ijumaa, 14 Juni

Nitakumbukwa.

Baba mkwe aliletwa saa kumi kasoro, kashikwa mkono na Mwanyumba. Akapewa kiti cha Mwalimu, kiti pekee cha mtu mzima mle ndani. Alivaa kofia yake nyeusi na kuiweka gotini. Mwanyumba akahubiri. Polepole, sahihi, akisimama kwenye kila mkato. Hakuna aliyelala na hakuna aliyeamka. Wakafuata wengine sita, kisha Bibi Nesi, aliyemaliza kwa dakika nne na kuketi.

Ikawa zamu yangu. Bila karatasi! Mikono mitupu, futi ya kupimia shingoni kwa makusudi, kama alama ya unyenyekevu.

Nikaanza na hoja ya kwanza: kwamba Yesu hakuwa na mwili wa kweli, ulionekana tu kama mwili, mfano wa nguo iliyotundikwa dirishani ukadhani kuna mtu ndani, kwa hiyo pale msalabani hakuumia hata kidogo. Mtu mmoja akakohoa. Hoja ya pili: kwamba Mungu wa Agano la Kale ni mwingine kabisa, mkali, na wa Agano Jipya ni mwingine, mpole, kama mafundi wawili wa mtaa mmoja, na sisi tumehamia kwa huyu wa pili. Ya tatu: kwamba Baba, Mwana na Roho ni mmoja anayebadilisha makoti, asubuhi hili, mchana lile, jioni lile jingine. Hapo nilivua koti langu na kulivaa tena mara tatu. Ya nne: kwamba Mwana naye aliumbwa, kulikuwa na wakati hayupo, ni wa kwanza kukatwa kwenye jora lakini kakatwa. Ya tano nikaisema kwa sauti ya kushuka: kwamba mtu akiamua anajishonea utakatifu mwenyewe, hahitaji msaada wa neema, ni bidii tu na uzi mzuri.

Nikasema amina.

Mwalimu alikuwa ameshika chaki imekatika vipande viwili. Bibi Nesi amejifunika uso na daftari. Mguu wa kulia wa Mwanyumba ulikuwa unakandamiza sakafu kwa nguvu zote, kama mwanafunzi wake anapokwenda moja kwa moja kwenye ukuta. Na baba mkwe, kofia usoni, mabega yanamtetemeka. Analia! Nikajua kiti ni changu.

Mwalimu akainuka.

"Fundi," akasema, "nimefundisha miaka thelathini na mmoja. Sijawahi kusikia kitu kama hiki."

Nikainamisha kichwa. Nikaanza hata kushukuru. Akaendelea.

"Kanisa lilihitaji karne tano na mabaraza kadhaa kuwakataa wazushi hawa. Wewe umewarudisha wote kwa dakika kumi, tena kwa kufuata karne zao."

Sikuelewa mara moja. Nilielewa kidogo kidogo, kama maji yanavyopanda suruali. Kumbe hiyo ndiyo namna yake ya ajabu ya kufundisha! Anaanza kwa kuwatetea waliopotoka, vizuri mpaka unakubali, halafu ndipo anabomoa. Na Bibi Nesi aliandika vyote viwili, kila kimoja upande wake.

Bibi Nesi akashusha daftari. Hakuwa na hasira. Aliniambia kwa sauti ya wodini, "Fundi, umemeza ugonjwa wote. Dawa ilikuwa ukurasa wa pili."

Nilitaka ardhi ipasuke inimeze. Haikupasuka. Ikabidi nitoke kwa miguu, nikipita mbele ya baba mkwe. Akashusha kofia. Hakuwa analia. Machozi yalikuwepo, lakini ni ya kicheko.

Jumapili, 16 Juni

Vyeti vimetolewa baada ya ibada. Mwanyumba kapata cha daraja la kwanza. Bibi Nesi daraja la kwanza. Mimi nimepata karatasi ya rangi nyingine inayosema nilihudhuria siku saba kati ya kumi. Somo la mafundisho ya imani nitalirudia Agosti. Mwalimu alinipa mkono kwa muda mrefu na kusema hataki niache, kwa sababu akiniacha nje mimi ni hatari zaidi.

Mbele ya lango baba mkwe akaweka mkono kwenye bega la Mwanyumba, akasema mbele ya watu, "Mwanangu, Jumatano utakaa kwenye kiti." Halafu akageuza uso upande niliokuwa, akanipa pole. Pole, fundi. Nikasema asante.

Tulipofika mlangoni mke wangu akasema nguo ya kuazima haisitiri matako. Mimi ndiye fundi, methali ya nguo nimepigiwa na mke mpishi.

Nilikwenda dukani kwa kisingizio cha kupaka cherehani mafuta. Nililia kidogo. Si kwa ajili ya kiti. Nimeandika. Basi.

Jumatatu, 17 Juni

Sijui nianzie wapi.

Saa nne asubuhi baba mkwe kaja dukani. Miaka kumi na mmoja hajawahi kukanyaga hapa, tangu ile suruali. Kaletwa na mke wangu, akaketi, akamwambia aende. Nikadhani amekuja kunisema. Nikaanza kuomba radhi kwa wazushi wote watano, mmoja mmoja. Akainua mkono. Alitaka kuiona Biblia yangu, ile yenye matambara, aliyosimuliwa.

Nikaitoa chini ya meza. Nilikuwa nimeshaifungua mafundo, ingawa ilibaki na alama ya maji. Akaiweka magotini na kushusha vidole kwenye riboni. Hakutazama. Alipapasa. Akauliza hii nini, nikamwambia kitani, Mwanzo. Hii je? Mahameli, Zaburi. Akairudia mahameli mara mbili tatu. Satini, Injili. Jinzi akaitambua kabla sijasema. Kwenye kaki akatabasamu, akasema hawa wadogo atawahesabu kwa vidole. Halafu akafika kwenye gunia.

"Huyu ni Ayubu," akasema.

Nikamwambia ndiye. Akavuta. Kitabu kikafunguka. Akatoa lenzi mfukoni, akainama, akasoma maneno matatu ya kwanza polepole.

"Miezi saba sijafika mahali ndani ya kitabu hiki bila kushikwa mkono," akasema. "Leo nimefika mwenyewe, mwanangu."

Mwanangu! Shajara, kaniita mwanangu. Nikajifanya natafuta mkasi. Akaniomba aiazime Jumatano, aende nayo kwenye kikundi. Mwanyumba ataongoza, lakini yeye anataka asome fungu moja mwenyewe, kwa mara ya mwisho. Nikamwambia ni yake. Akasema basi nimpelekee keshokutwa, akainuka. Mlangoni akashika koti moja lililotundikwa, akapapasa mshono, akasema mshono mzuri.

Nimefurahi mpaka siwezi kushona. Nimeketi tu.

Jumanne, 18 Juni

Nimewaza.

Biblia itakuwa mbele ya kikundi kizima. Gunia! Watu wataona baba mkwe kashika gunia. Mtu kaniita mwanangu, nami nimwache ashike gunia mbele za watu? Hapana. Na zile riboni nyingine nilizishona kwa haraka za mbio, bila mpango, mahameli jirani na jinzi. Fundi wa kweli hapeleki kazi hivyo.

Tena akiniita mwanangu kwa matambara, atanitajaje kwa kazi safi?

Nimefumua zote. Nimeshona upya. Nimenunua hariri. Ayubu sasa ni hariri ya zambarau, amestahili. Kaki nimeitupa, manabii wana rangi zao. Gunia nilitaka kulitupa pia, ila kulikuwa na kitabu kimoja chembamba kilichokosa kitambaa, nikakipa. Wimbo Ulio Bora, nani anaufungua kwenye kikundi? Nimepiga pasi zote. Zinang'aa.

Mpangilio mpya nitamweleza kesho kabla hawajaanza. Ikibidi nikae karibu naye kila Jumatano kumkumbusha ipi ni ipi, sitakataa. Karibu kabisa na kiti.

Jumatano, 19 Juni

Nilichelewa. Nilikuwa napiga pasi koti langu. Biblia nilimtanguliza nayo mke wangu.

Nilipoingia sebule ilikuwa imejaa. Mwanyumba kwenye kiti, kafunga mikono kama kashika usukani. Baba mkwe pembeni yake kwenye stuli, Biblia magotini. Mbele kabisa yule mama jirani aliyefiwa na mumewe mwezi uliopita. Baba mkwe alikuwa anawaambia kwamba leo atamsomea mama huyu fungu la Ayubu, kwa ajili ya faraja, na kwamba atalifikia mwenyewe, maana mkwe wake mmoja kamtengenezea njia. Akanielekezea uso. Watu wakageuka kunitazama. Nilitaka kusema. Naapa nilitaka kusema! Lakini nilikuwa natazamwa vizuri sana.

Vidole vikashuka. Vikapita hariri bila kusimama. Vikakuta gunia. Akavuta.

Akatoa lenzi. Akasoma kwa sauti ile ya ibada, neno moja moja, na kila mtu akisubiri linalofuata. Ya busu. Ya mashavu. Akatulia, akafuta lenzi, akasonga mbele. Ya busu. Mguu wa kulia wa Mwanyumba ukakandamiza sakafu. Hakuna aliyethubutu kumkatiza mzee. Alikuwa ameshafika kwenye matiti alipoacha, akapapasa gunia tena, taratibu, kama mtu aliyerudi kwake akakuta kitasa kimebadilishwa.

Yule mjane alicheka. Kwanza kwa kuziba mdomo, kisha akashindwa. Wanasema ni mara ya kwanza tangu mazishi. Nilitarajia hilo lihesabiwe upande wangu. Halikuhesabiwa.

Baba mkwe alifunga kitabu. Hakupaza sauti.

"Fundi," akasema.

Nikatoka nje, nikasimama uani. Mwanyumba akanifuata, akanishika bega, akasema kesho tukae wote wawili turudishe riboni kama zilivyokuwa, atanisaidia kufumua. Nikamwambia nitafikiria.

Nimefikiria. Kosa langu nimeliona. Si riboni, wala haraka, wala hariri. Kosa lilikuwa kuchagua upande wa kushoto! Wanaopata kiti wote wamesoma upande wa kulia. Agosti narudia somo, nitapata daraja la kwanza, na hapo tutaona nani ni mwanangu. Njiani kurudi nimepita kwa Bibi Nesi, nikaomba daftari tena. Akaanza kunieleza kitu. Nikamwambia safari hii naelewa kabisa. Duka la fotokopi lilikuwa karibu kufungwa, nikamwambia mwenye duka haraka, kulia tu, kushoto sitaki hata kukuona.

Ni rahisi kuliko mwanzo! Mambo mafupi mafupi, na kila ukurasa unaanza na neno "Hapana". Hapana, maana imeandikwa hivi. Hapana, maana imeandikwa vile. Imani safi, haina maneno mengi. Nimeshakariri tisa, nimesimama jikoni nikamsomea mke wangu zote bila kukosea.

Akaacha mwiko, akaniuliza hapana kwa swali gani.

Nikamwambia hajasoma theolojia.